Tindo ya Onyiego

Nyamira
Jumanne, 3 Juni 2025

Mama Celestine,

Nimefika mzima. Barua hii nimempa Bosire wa matatu na ameapa ataifikisha Suneka leo leo. Najua utacheka ukisema mzee amerudia mambo ya barua kama kijana wa sekondari. Cheka tu. Simu nimekuachia kwa ajili ya wateja, na hata ningekuwa nayo ungepaza sauti mpaka majirani wote wajue mambo yetu, na mimi bado nisisikie kitu. Nyundo ya miaka thelathini imekula masikio yangu. Macho bado yako sawa, kwa hivyo niandikie.

Tuko mafundi wanane hapa, wengine wametoka Keroka, wengine hapa hapa Nyamira. Karakana ni kubwa, ina tanuri mbili, moja ni ya umeme na ina mlango kama wa sefu. Tunalala bwenini. Chakula si kibaya, ila ugali wao ni laini mno, mtu anaweza kuunywa kwa kikombe. Sijaona mboga yetu ya chinsaga tangu nitoke nyumbani.

Kazi yenyewe ni ile unayoijua: chuma kupashwa moto mpaka kiwe chekundu, kisha kuchovywa ili kiwe kigumu, pamoja na mambo mengine madogo madogo yanayofuata. Nani wa kuniambia kitu kuhusu kuchovya? Umeniona mwenyewe mteja akija kuchukua panga. Napitisha tupa kwenye makali mbele ya macho yake, tupa inateleza kama imepita juu ya kioo, naye anaondoka akitabasamu.

Leo nilisimama mbele ya wote nikaeleza kazi yangu, wakanisikiliza kwa heshima. Kuna msichana mmoja hapa, Bitutu, ambaye huandika andika ubaoni. Mtoto mwerevu.

Mwambie Celestine harusi yake haitanikosa. Tunamaliza tarehe ishirini na saba, na harusi ni tarehe sita Julai. Nitakuwa nyumbani siku tele kabla.

Mumeo,
Sylvanus Anyona


Suneka
Jumapili, 8 Juni 2025

Baba Celestine,

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, wamama wa kanisa wakiwa wamejaa jikoni. Sasa usishtuke. Jana Sabato Mzee Nyamweya alisimama kwenye matangazo akasema ndugu yetu Sylvanus ameitwa Nyamira kufundisha mafundi wenzake, na kanisa zima likakuombea. Mimi nilikaa nimeinua shingo kama twiga. Watu walinishika mkono mpaka nje ya lango. Kwa hivyo fundisha vizuri, tusiaibike.

Na huyo Bitutu anayeandika ubaoni, ameajiriwa kukuandikia wewe? Niambie vizuri.

Huku tuko salama. Kamati ya harusi ilikaa Alhamisi hapa nyumbani. Mambo ya hema na wapishi yameisha. Halafu wakauliza ni nani atakayesimama upande wa wajomba, maana haiwezekani msichana aolewe bila mjomba kuonekana. Nikawaambia mimi sina kaka. Wakaanza kuangalia viatu vyao, shangazi yako mmoja akiwa wa kwanza.

Waangalie viatu mpaka wachoke. Miaka sita sasa tangu kipande cha ile tindo ya kupasulia mawe kimrukie Onyiego kule machimboni na kumpofua jicho. Wewe ulikuwa hapo, na ulisema mwenyewe, mbele ya baraza la kanisa, kwamba alikuwa amelewa. Halafu yeye, badala ya kunyenyekea, akasema mbele ya watu wote kwamba wewe ni mwongo. Huyo atasimamaje karibu na mtoto wangu siku ya harusi? Nilisimama na wewe wakati ule na sijajuta. Nimewaambia hivyo, na wakiuliza tena nitawaambia tena.

Kula vizuri. Usilale na miguu yenye maji.

Wako,
Nyanchoka


Nyamira
Jumanne, 10 Juni 2025

Mama Celestine,

Kaa chini kwanza. Kama jikoni kuna watu, ingia chumbani.

Sifundishi. Nafundishwa. Sikukudanganya waziwazi, ila niliona ulivyofurahi siku niliposema nimeitwa Nyamira, nikaacha maneno yajikamilishe yenyewe. Mkufunzi ni huyo Bitutu. Amemzidi Celestine miaka miwili hivi, na ndiye anayetuambia simama, keti, zima tanuri. Kwa sababu ya masikio yangu ameninunulia daftari, na kila anachosema ananiandikia humo kwa herufi kubwa, kama mtoto wa nasari. Ni mpole, na upole wake unaniumiza kuliko kama angenifokea.

Juzi alituambia kila mtu atengeneze tindo moja ya kupasulia mawe kutoka springi ya lori, jinsi anavyofanya kwake. Nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Nikaipasha yote ikawa nyekundu ya kung'aa, nikaichovya yote kwenye maji, kichwa na makali. Nikapitisha tupa, ikateleza. Nikainua kichwa kuangalia kama wenzangu wameona.

Bitutu akaibana kwenye jiliwa, akaifunika kwa gunia, akaigonga nyundo mara moja tu. Ikavunjika katikati kama chupa ya soda.

Akaniandikia: “Mzee, umefanya kazi nusu.” Halafu akaeleza. Chuma kikitoka majini ni kigumu lakini kinavunjika upesi. Lazima kirudishwe kwenye moto mdogo, taratibu, ukikiangalia kinavyobadilika rangi: kwanza manjano kama majani makavu, halafu hudhurungi, halafu zambarau. Tindo ya mawe unaitoa zambarau ikianza kufika kwenye makali, basi. Wao huuita moto wa pili. Na kichwa, pale nyundo inapogonga, hakichovywi kabisa. Kinaachwa laini ili kisirushe vipande.

Mafundi saba walikuwa wameshajua hivyo. Jethro wa Keroka, ambaye anaweza kuwa mwanangu, alijifunza kwa babu yake. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimeduwaa na tupa mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka thelathini, Nyanchoka. Mapanga, majembe, tindo, na hakuna hata moja lililoonja moto wa pili.

Mzee Nyamweya usimwambie bado.

Kuna kitu nataka unitumie. Ile tindo ya Onyiego, iliyobaki. Nadhani niliitupa kwenye debe la vyuma karibu na jiwe la kunolea. Ifunge kwa gazeti umpe Bosire. Ni ya kuonyesha darasani tu.

Sylvanus


Suneka
Ijumaa, 13 Juni 2025

Baba Celestine,

Nilicheka. Halafu nikakumbuka shingo yangu ya twiga, nikaacha kucheka. Kesho ni Sabato na Mzee Nyamweya ameniomba nitoe salamu za mwalimu wetu aliye Nyamira. Nitasema nini? Nitasema mwalimu wetu amevunjiwa chuma na mtoto? Nimeamua kuumwa na kichwa kesho. Celestine atanipikia uji na sitatoka nje, na dhambi hiyo iko juu yako.

Lakini usijitese kupita kiasi. Mtu hajui asichoonyeshwa, na baba yako ndiye aliyekufundisha hivyo. Mapanga yako yamewakatia watu msitu mzima hapa.

Tindo haikuwa kwenye debe. Ilikuwa chini ya kitanda chetu, ndani ya mkebe wa biskuti, nilipoiweka mimi. Usiniulize kwa nini. Mtu huweka vitu. Nimeifunga kwa kitambaa, maana gazeti lingeonyesha umbo lake na Bosire ana mdomo.

Huyo mkufunzi wako aiangalie vizuri. Hata kama haikupata moto wa pili, mtu mwenye akili zake angeona inaanza kupasuka, angeiweka chini. Mwambie aandike kwa karatasi kwamba tindo ilikuwa sawa na mlevi ndiye aliyekuwa hayuko sawa. Nitaisoma mbele ya kamati ili wanyamaze na mambo ya mjomba, kwa sababu jana wameuliza tena. Celestine naye ameanza. Aliniuliza kama anaweza kumpelekea mjomba wake kadi kimya kimya. Nilimfokea mpaka akalia, na mimi nikatoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Niambie atakachosema mkufunzi.

Nyanchoka


Nyamira
Jumanne, 17 Juni 2025

Mama Celestine,

Tindo ilifika. Asante.

Huku mvua imenyesha siku mbili mfululizo, barabara ni tope. Jana tulichovya vyuma kwenye oili badala ya maji. Moshi ulikuwa mwingi. Leo tulijifunza kutumia sumaku: chuma kikipata moto wa kutosha kuchovywa, sumaku haikishiki tena. Ni kitu cha ajabu kidogo.

Chakula kimekuwa afadhali. Salimia Celestine.

Sylvanus


Suneka
Jumatano, 18 Juni 2025

Baba Celestine,

Nimeishi na wewe miaka ishirini na sita. Ukianza kuniandikia kuhusu mvua najua kuna jambo umelikalia.

Nilikuuliza mkufunzi alisema nini. Hukunijibu. Kamati inakaa Jumatatu kwa mara ya mwisho, na kadi zinakwenda kuchapishwa Jumanne. Jina la Onyiego litawekwa au litaachwa, na likiachwa ni mpaka kaburini, kwa sababu msichana haolewi mara mbili ili mjomba wake asubiri zamu nyingine. Mimi nasema liachwe. Lakini nataka kusema hivyo nikiwa na neno lako mkononi.

Niandikie. Hata kama ni baya.

Nyanchoka


Nyamira
Ijumaa, 20 Juni 2025

Nyanchoka,

Barua hii nimeianza mara nne. Soma peke yako.

Jumatatu niliitoa ile tindo mbele ya darasa nikiwa na mpango wangu. Nilitaka Bitutu aseme kwamba ilivunjika kwa sababu ya kugongwa vibaya. Nilishaona ile yangu ikivunjika kama chupa, lakini bado nilitumaini. Mtu akitaka kuponyoka hutumaini mambo ya kipuuzi.

Bitutu aliangalia kichwa cha tindo, pale kilipobanduka kipande. Akapitisha tupa juu ya kichwa hicho, ikateleza. Akaifunika gunia, akaivunja, akatupitishia vipande tuone ndani. Chuma kilichopashwa vizuri ndani yake ni laini, rangi ya majivu. Hiki kilikuwa na chembe kubwa zinazometa, kama sukari. Aliniandikia kwenye daftari, na maneno yenyewe ni haya: “Imepashwa kupita kiasi. Haikupata moto wa pili. Kichwa kimechovywa. Hii ingemrukia yeyote atakayeigonga, hata akiigonga vizuri namna gani. Je, mtu aliuziwa?”

Wote walinitazama. Nikasema ilitengenezwa na fundi mmoja wa Keroka.

Jethro akasimama akapiga kelele, hata mimi nikasikia: “Keroka nani? Taja jina! Sisi Keroka hatufanyi upuzi kama huu!” Nikasema nimesahau jina. Na wakati huo Bitutu alikuwa ameshika kipande cha chini, anakifuta kwa kitambaa, na nikaona kidole chake kimesimama pale ninapogonga muhuri wangu. S.A. Alinitazama, akakiweka mezani herufi zikiwa zimelala chini, akaendelea na somo.  Tangu siku hiyo naingia darasani kama mwizi.

Hilo ni dogo. Sasa lile kubwa.

Onyiego hakuwa amelewa.

Unajua nilikuwa machimboni siku ile kurudisha tindo nilizonoa. Alinipa kikombe cha chai, tukaongea habari za kwaya yake, akaenda kugonga jiwe. Pigo la tatu au la nne la nyundo nikaona ameshika uso. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, na mdomo wake ulikuwa begani kwangu njia nzima. Alinuka chai ya maziwa na jasho. Watu walikuja mbio, mmoja ameishika tindo, akauliza, tindo hii ni ya nani? Wote wanajua muhuri wangu. Nikasikia mdomo wangu ukisema, “Huyu amelewa.”

Neno hilo tu. Sikulipanga. Lakini likishatoka lilikuwa la watu wote, na baraza la kanisa liliponiita nilikuwa na njia mbili, kulirudisha au kulirudia. Nikalirudia. Wakamtoa kwenye kwaya aliyoifundisha miaka kumi na moja, wakamfuta kwenye ushirika, na machimboni hawakumtaka tena.

Nikuambie jinsi nilivyoweza kulala. Nilijiambia kwamba tindo yangu ilikuwa nzima, kwa hivyo kosa lazima lilikuwa lake, kwa namna nyingine nisiyoijua. Pengine alizembea, pengine aliigonga upande. Uongo wangu niliuona mdogo kwa sababu niliamini ukweli wenyewe, kama ungejulikana, ungekuwa upande wangu. Nimeuegemea ukuta huo miaka sita. Bitutu ameubomoa kwa nyundo moja.

Sasa sina pa kuegemea. Nilimpofua jicho kwa kutojua, na jina lake nikaliua nikijua. Na wewe nikakunyang'anya kaka yako wa pekee, kwa sababu uliniamini. Hilo ndilo ninaloshindwa hata kuliandika. Niliporudia kusoma pale ulipoandika kwamba hujajuta nilitoka nje ya bweni nikasimama kwenye mvua.

Kamati iambie unachotaka. Kama hutaki nirudi nyumbani kabla ya harusi, nitaelewa.

Sylvanus


Suneka
Jumatatu, 23 Juni 2025

Sylvanus,

Umeniomba nisome peke yangu. Nilisoma peke yangu Ijumaa jioni, na Sabato nikakaa nayo ndani ya Biblia kanisani, na jana nikaenda kwa Onyiego. Lakini kabla ya hapo kuna jambo lingine, na ukilijua utaacha kusema ulininyang'anya mtu kwa sababu nilikuamini.

Siku ile nilitoka sokoni mbio na leso yangu. Wewe ulikuwa umemkalisha kando ya barabara. Mimi ndiye niliyemfunga kichwa. Nilipiga magoti, uso wake ukiwa kifuani pangu, akihema mdomo wazi, na mimi nikizungusha leso mara tatu. Pua yangu ilikuwa karibu naye kuliko yako. Hakukuwa na harufu ya pombe. Nilikuwa bado nimepiga magoti hapo uliposema amelewa.

Ulinitazama baada ya kusema. Unakumbuka? Mimi nakumbuka. Nilitazama chini nikamalizia fundo.

Nilijua, Sylvanus. Nimejua siku zote hizi. Barazani waliponiuliza nikasema mume wangu ameona na mimi sikuona. Nilijiambia Celestine yuko shuleni, nilijiambia fundi akisemwa vibaya karakana inakufa, na kwamba Onyiego ni mwanamume, atajitetea. Halafu nikangoja. Kila mwaka nikasema mwaka huu utaniambia, na ukiniambia nitakusamehe, nami nitaonekana mke mwema aliyedanganywa. Ile tindo niliiweka chini ya kitanda ili siku moja uiulize. Na kila mara nilipomwita mlevi, hata kwenye barua hizi, nilikuwa napiga kelele ili nisijisikie. Nilipomfokea mtoto kuhusu kadi nilitoka kwenda kwa kuku kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Kwa hivyo usinililie. Wewe ulisema neno moja kwa woga, mimi nikalilea miaka sita kwa akili timamu.

Kwa Onyiego. Nilimkuta kwenye shamba lake akipunguza machipukizi ya migomba. Nilikuwa sijakanyaga hapo tangu tulipomzika mama. Hakunikaribisha na hakunifukuza. Nikampa barua yako. Aliisoma akiwa amesimama, amegeuza kichwa upande ili jicho lile moja lipate mwanga, na alisoma taratibu kurasa zote. Nilidhani atauliza kuhusu tindo. Akauliza, “Ni nani kati yenu aliyejua kwanza?”

Ningeweza kusema ni wewe. Barua ilikuwa mkononi mwake, ingenisaidia. Nikasema, “Ni mimi.”

Akanirudishia barua, akaokota panga, akarudi kwenye migomba.  Mkewe alitoka akanipa maji, nikamrudishia kikombe kikiwa kimejaa.

Kamati inakaa leo saa tisa. Nitawaambia nina kaka, na kwamba sijui kama yeye ana dada.

Rudi nyumbani. Nani mwingine ataweza kuishi na mimi?

Nyanchoka


Nyamira
Jumatano, 25 Juni 2025

Nyanchoka,

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa juu ya fuawe. Sikukasirika. Nilitafuta hasira kila mahali nikaikosa. Nilichopata ni picha ya sisi wawili tumelala kitanda kimoja miaka sita, tindo iko chini, kila mmoja akimficha mwenzake kitu kile kile.

Jana asubuhi nilimwomba Bitutu nafasi ya kusema. Nilikiinua kile kipande nikawaonyesha herufi, nikasema fundi wa Keroka hayupo, fundi ni mimi, na aliyeumia ni shemeji yangu, na nilimsingizia. Jethro nilimwomba msamaha kwa kuutukana mji wake. Akasema, “Mzee, aki umenichoma sana na hiyo story,” akanipa mkono, mkono wa haraka, kama mtu anayegusa sufuria ya moto.  Mchana wengine walikula meza nyingine. Bitutu aliniandikia mstari mmoja, kwamba Alhamisi nitatengeneza tindo upya na yeye hatanisaidia hata kidogo.

Sasa nisikilize. Sabato hii, tarehe ishirini na nane, nimeamua kusimama kanisani. Nimeshamwandikia Mzee Nyamweya anipe dakika kumi baada ya matangazo. Nitasema nilidanganya baraza. Nitasema tindo ilikuwa mbovu, na ni yangu. Wakitaka kunifuta mimi kwenye ushirika, wanifute.

Jina lako sitalitaja. Watu wanaamini ulidanganywa, waache waendelee kuamini. Celestine anaolewa wiki inayofuata, si lazima asimame mbele ya wakwe akiwa na wazazi wawili waliochafuka. Mmoja anatosha. Kwa hili nikubalie.

Sylvanus


Suneka
Alhamisi, 26 Juni 2025

Shemeji Sylvanus, na dada Nyanchoka,

Nimeandika barua moja kwa sababu ni jambo moja. Nyanchoka alikuja tena jana akanionyesha ile ya mwisho, ambapo shemeji anataka kusimama peke yake. Alisema amekataa na atasimama naye. Nasema amefanya vizuri kukataa.

Habari za moto wa kwanza na wa pili nimezisoma. Jicho, shemeji, nilikusamehe kabla kidonda hakijafunga. Mtu aliye kazini hukosea, hata mimi nimewahi kuangusha jiwe likavunja mguu wa mwenzangu. Ungekuja ukaniambia tindo yangu ilikuwa mbaya, tungelia pamoja na ingekuwa imeisha. Sikuwahi kulidai jicho.

Mambo ya harusi sina jibu leo. Celestine aliniletea kadi mwenyewe jana, ameandika jina langu kwa mkono wake. Nimeiweka mezani. Nitaiangalia.

Mnasema mtasimama Sabato. Simameni. Mimi sitakuja. Sina haja ya kuambiwa na mtu kwamba siku ile sikunywa, nilikuwepo.

Atakuja binti yangu Mokeira. Wakati ule alikuwa na miaka kumi. Alimuuliza mama yake kama ni kweli baba alilewa, na mama yake, ambaye hakuwa machimboni, akamjibu kwamba wazee wa kanisa hawawezi kusema uongo. Sasa ana miaka kumi na sita. Ni mtoto mzuri, ana heshima, hajawahi kunijibu vibaya. Lakini kila jioni nikirudi nyumbani anakuja mlangoni kunipokea mzigo, anainama karibu yangu, na kabla ya kunisalimu ananusa. Anafanya polepole ili nisijue. Anadhani kwa kuwa jicho ni moja sioni. Miaka sita, kila jioni, na mimi husimama wima mpaka amalize.

Nimemwambia akae kiti cha mbele. Msiwatazame wazee wala msimtazame mchungaji. Mtazameni yeye, na mseme polepole.

Onyiego